Barua kwa Mwanangu: Uitaje Asili Yako Mbele ya Wawekezaji?

Makina, Kibera
Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nimeona niijibu kwa maandishi kwa sababu mambo uliyoniuliza hayafai kuzungumzwa kwa simu huku kila mmoja wetu ana haraka zake. Umesema kwamba kampuni yako, ile inayowatengenezea wafanyabiashara wadogo programu ya kutuma matangazo kwa simu na kupima ni wateja wangapi waliorudi kununua, sasa inaitwa kwenye vikao vya wawekezaji, na kwamba mshauri wenu anakuhimiza uanze kila mara kwa kusema wewe ni mwanamke, ni Mnubi, na umezaliwa Kibera. Unaniuliza kama ufanye hivyo au ukae kimya mpaka kazi yenyewe ionekane. Halafu, chini kabisa ya ukurasa, kana kwamba ni jambo dogo, umemtaja yule bwana anayetaka kutumia cheti chako cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kutengea makundi fulani zabuni zake, kuombea zabuni, kisha akupe fungu lako kazi ikiisha. Nitaanza na huyo bwana, maana jibu lake ni fupi.

Mkatalie, tena kwa maandishi. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sharti la cheti cha wanawake ni kwamba wanawake wamiliki angalau asilimia 70 ya biashara na uongozi wote uwe mikononi mwao. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu ya mabwana kama huyo, wenye mtaji na wanaojuana na watu, ambao kitu pekee wanachokikosa ni jina la mwanamke la kutanguliza. Kazi ikienda vizuri utapewa bahasha. Ikienda mrama, jina litakalosomwa kwenye CR12, ile hati inayoonyesha wenye kampuni na wakurugenzi wake, ni lako, KRA, mamlaka ya kodi, itakutafuta wewe, na wewe ndiwe utakayezuiwa kushiriki zabuni za umma.

Cheti chenyewe, hata hivyo, kitumie bila haya. Najua kuna wenzako wanaosema kwamba cheti hicho ni cha wasioweza kushindana, nawe una kiburi kidogo cha babako, kwa hiyo maneno hayo yanakuchoma. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 227, imeruhusu waziwazi utaratibu wa kuwalinda na kuwainua watu waliowahi kuumizwa na ubaguzi au ushindani usio wa haki katika manunuzi ya umma, na anayedai kilichoandikwa kwenye Katiba hajaomba sadaka kwa mtu. Ninachokuonya ni kuijenga kampuni juu ya cheti hicho. Unakumbuka nilipokuwa nikipeleka vyakula vya mikutano kwenye ofisi moja ya umma: pilau iliisha kabla ya adhuhuri, lakini malipo yake yaliingia baada ya mkuu aliyetia sahihi LPO, hati ya kuagiza bidhaa, kuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Mwenye duka la mchele hakungoja astaafu mtu. Wala mimi sikuwa na mkosi wa peke yangu, kwa maana mwaka 2023 serikali iliunda kamati ya kuhakiki madeni ya wazabuni, na madai iliyopewa kuyachunguza yalianzia mwaka 2005.

Kampuni ya programu inaumizwa na ucheleweshaji huo kuliko jiko langu lilivyoumia. Mishahara ya waandishi wa programu hailali, kodi ya seva inalipwa kila mwezi kwa dola, na VAT ya asilimia 16 inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule uliotoa ankara, hata kama aliyenunua hajakulipa senti. Maana yake ni kwamba unaweza kujikuta ukiilipa serikali kodi kwa fedha ambazo serikali hiyo hiyo imekaa nazo. Kwa hiyo chukua kazi ya umma kwa kiasi ambacho kisipolipwa mwaka mzima, ofisi yako itaendelea kufunguliwa. Waliokufikisha hapo ulipo ni wenye maduka wanaokulipa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na hao ndio wa kuwahudumia kwanza.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Mshauri wako anataka usimulie mitaro ya Kibera na mabati yake, watu waguswe, na sina shaka kwamba wataguswa. Watakupigia makofi, watapiga picha nawe, na baadaye watampa fedha kijana mwingine ambaye alizungumza juu ya mapato yake. Anayekuonea huruma hukupa msaada mdogo, ambao ni kitu tofauti kabisa na mtaji. Kwa upande mwingine, kunyamaza nako sikukubali, kwa sababu katika asili yako mna ujuzi ambao mwekezaji anapaswa kuujua ili aelewe kwa nini programu yako imetengenezwa vile ilivyotengenezwa. Tatizo la mshauri wako ni kwamba anaitafuta habari hiyo mahali pasipo pake.

Fikiri ulivyopata kitambulisho. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, wakapewa makao hapa Kibera mwanzoni mwa karne iliyopita, na bado ulipotimiza miaka 18 ulilazimika kupigwa msasa mbele ya kamati, ukiwa na karatasi za babu yako mkononi, wakati wanafunzi wenzako kutoka jamii nyingine walijaza fomu wakaenda zao. Wengi waliosikia habari hiyo wanadhani ni kisa cha kudhalilishwa tu. Wewe unajua kilichofuata: bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, bila laini huna M-Pesa, huna PIN ya KRA, huwezi kuingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kusajili kampuni. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu ulikwisha kujifunza kwamba biashara ya kidijitali imesimama juu ya orodha ya majina ambayo mtu fulani ameketi nayo mezani, akiwa na uwezo wa kumtoa amtakaye.

Na jamii yetu haikuishia kulalamika. Serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mwaka 2019, Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu kuupinga mpango huo, ikiuliza watakuwaje wale ambao tayari hawana karatasi, na ni nani atakayezilinda habari za watu zikishakusanywa. Kesi ikiwa bado inaendelea, Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, ikatiwa sahihi mwezi Novemba 2019, na mnamo tarehe 30 Januari 2020 mahakama ikaamua kwamba uchukuaji wa vinasaba na kumbukumbu za mahali watu wanakoishi ulikwenda kinyume cha Katiba, na kwamba mpango wenyewe usiendelee mpaka uwekewe kanuni za kutosha. Sheria hiyo ndiyo inayoitawala kazi yako leo. Wenye kampuni za matangazo mjini wanaiona kuwa kero iliyoletwa kutoka Ulaya, ilhali wewe uliwaona baadhi ya walioipigania wakipita njiani hapa Makina wakielekea swala ya Ijumaa. Hilo, mwanangu, ni jambo la kumwambia mwekezaji, na halihitaji mtu atoe machozi.

Liambatanishe na programu. Sheria inakataza kutumia habari za mtu kibiashara bila ridhaa yake, na kanuni za mwaka 2021 zinataka kila tangazo linalomfikia mtu moja kwa moja liwe na njia rahisi ya kujitoa. Mnamo 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hata hivyo kila siku simu yangu inaingia jumbe za mikopo, za viwanja vya Kitengela na za dawa za kupunguza unene, kutoka kwa watu ambao sijui nambari yangu waliipata wapi, ijapokuwa nadhani wengine waliinakili kwenye kitabu cha walinzi pale mlangoni mwa jengo, au kwenye jumbe za malipo ya M-Pesa zamani nambari zilipokuwa zikionekana nzima. Kampuni zinazouza orodha hizo zinajivunia wingi wa nambari. Wewe uza kinyume chake: uza orodha fupi ya watu waliokubali, na uonyeshe kwamba wao ndio wanaonunua.

Yule jirani yetu anayeuza viatu vya watoto katika soko la Toi ana daftari ambalo ningependa ulitazame kabla hujaandika tena lile wasilisho lako. Kwenye kila mstari ameandika nambari ya simu, jina la mtoto badala ya jina la mama, saizi ya kiatu, na mwezi ambao anakadiria mguu utakuwa umekua. Mama akisema asipigiwe tena, nambari hupigwa mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, lakini huachwa isomeke, ili msichana anayemsaidia asije akaiandika upya kwa bahati mbaya. Hakuna aliyemfundisha kanuni za 2021. Ukiwaonyesha wawekezaji kwamba programu yako inafanya kazi hiyo kwa maduka elfu, pamoja na ule mstari mwekundu, utakuwa umewaeleza wewe ni nani na Kibera ni nini, na hutakuwa umeitaja hata mara moja kama kilema.

Watakuuliza pia kwa nini hukuchangisha fedha za jamaa na marafiki mwanzoni, kama wanavyofanya wengine. Wajibu bila kuona aibu. Ekari 288 tulizopewa hati yake mwaka 2017 ni mali ya jamii nzima, kwa hiyo hakuna mzazi wa Makina anayeweza kuipeleka hati hiyo benki kuwa dhamana ya binti yake. Hiyo ndiyo sababu ulianza na wateja wanaolipa badala ya kuanza na ofisi ya vioo, na mwekezaji mwenye akili atafurahi kulisikia.

Nimeacha jambo la hisa mwisho kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Umeandika kwamba wawili kati yao hawataki kununua hisa sasa, bali watakupa mkopo utakaogeuka hisa baadaye, na kwamba mmoja anataka kampuni mama isajiliwe Delaware, Marekani. Mikopo ya namna hiyo hutiwa sahihi mmoja mmoja, kila mmoja ukionekana mdogo, halafu yote hugeuka hisa siku moja. Ukishuka chini ya asilimia 70, cheti tulichokizungumza hapo juu kimekwenda, na kampuni ya Nairobi ikiwa inamilikiwa na kampuni nyingine ya Marekani, swali la mwenye mali ni nani litakuwa gumu kulijibu mbele ya kamati ya zabuni. Pengine itafaa ukiache cheti kiende, ikiwa mtaji ni mkubwa na masharti ni mazuri. Sikukatazi. Nataka tu kiende kwa uamuzi wako, wala si kwa kifungu ambacho hakuna aliyekusomea.

Na kama mkopo huo una riba, unajua msimamo wangu, nami sitaurudia kwa urefu. Mshirika anayenunua hisa na kubeba hasara pamoja nawe ni bora kuliko anayekudai faida hata mwaka ambao hukuuza kitu. Tangu 2008 hapa Nairobi kuna benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, kama vile Gulf African Bank, ambazo zinaweza kukununulia vifaa na kukuuzia kwa malipo ya polepole yenye faida iliyotajwa mapema, ingawa kwa kampuni ambayo mali yake kubwa ni programu, watakusumbua sana juu ya dhamana. Nenda ukawasikilize.

Mjomba wako wakili atakuwa nyumbani Jumamosi baada ya adhuhuri. Njoo na mikataba yote miwili, ukiwa umeichapisha kwenye karatasi kwa sababu macho yake hayapendi skrini, pamoja na jedwali linaloonyesha hisa zitakavyogawanyika ikiwa mikopo yote itageuka siku moja. Usitie sahihi chochote kabla ya hapo, hata wakikwambia kwamba nafasi itafungwa Ijumaa.

Mama yako