Soketi imekufa lakini testa inawaka: usikubali kutinduliwa ukuta kwanza

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Uko Mtanda, Lindi mjini, soketi mbili za sebuleni zimezima tangu juzi. Taa na feni vinafanya kazi, jikoni umeme upo, breka zote ziko juu. Fundi alichomeka testa (ile bisibisi yenye kitaa ndani) ikawaka, akafunga soketi mpya, bado kimya. Sasa anasema waya umekatika ndani ya ukuta na anataka kutindua plasta mita nne. Unauliza umpe kazi au usimpe. Usimpe, angalau si leo.

Nayasema haya kwa sababu mimi nilishatinduliwa. Tunakaa Shangani hapa Mtwara, nyumba ya baba mkwe, ya enzi zile ambazo chumba kuwa na soketi mbili ilikuwa anasa. Mama mkwe anauza lambalamba, kwa hiyo friza ndiyo duka lake. Siku moja ya kusi friza ikanyamaza. Tukamwita kijana wa kijiweni, akachomeka testa, ikawaka. Akabadilisha soketi, hola. Akasema waya umefia ukutani. Tukampa shilingi 80,000, akatindua kutoka kwenye soketi hadi karibu na mlango, akaikuta paipu nzima na nyaya ndani yake nzima kabisa. Lambalamba zikawa maji, ukuta ukabaki na kovu ambalo kila mgeni lazima aulizie, na soketi imekufa vilevile.

Aliyetutoa ni mzee mmoja mstaafu wa mtaa wa pili, anatembea na multimita, kile kifaa cha kupimia volti, kwenye mfuko wa kanzu. Ile soketi iliyokufa hakuigusa hata kidogo. Aliuliza tu, "Umeme kabla haujafika hapa unapitia wapi?" Tukatazamana. Akazima meni swichi, akaenda ukumbini kwenye soketi ambayo sisi tulikuwa tunapigia pasi kila asubuhi bila shida, akaifungua. Nyuma yake kulikuwa na waya mweusi umeungua hadi kuchomoka kwenye skrubu. Kazi yote, pamoja na kunywa chai, haikumaliza saa moja.

Nyumba nyingi za mitaani kwetu fundi huvuta waya kutoka kwenye boksi la breka hadi soketi ya kwanza, kutoka hapo unaruka kwenda ya pili, ya pili inamrushia ya tatu. Ni kama vijana wanaopokezana karai la zege: wa katikati akidondosha, wa mwisho anabaki mikono mitupu ingawa yeye hana kosa. Kwa hiyo soketi iliyokufa mara nyingi ndiyo inayopokea lawama za mwenzake. Na yule mwenzake anaweza kuwa mzima machoni pako, kwa sababu waya unaoingia umeshika vizuri, uliochomoka ni ule wa kutoka. Ndiyo maana pasi yetu iliwaka siku zote na hatukumshuku. (Wapo mafundi wanaofunga kwa duara, waya unatoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ileile. Hapo mkato mmoja hauui soketi, maana umeme unafika kwa pande mbili. Kwako zimekufa mbili kwa mpigo, mimi nadhani ni mlolongo.)

Sasa hiyo testa. Umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Waya wa moto unaleta, nyutro inarudisha. Testa ya bisibisi inakuambia jambo moja tu, kwamba moto umefika kwenye tundu hilo. Kuhusu nyutro haisemi kitu. Nyutro ikiwa imekatika huko nyuma, testa itawaka vizuri kabisa na friji haitatoa hata mlio. Kuna kituko zaidi: chomeka taa ya mezani kwenye soketi ya namna hiyo, iache imewashwa, halafu mwambie fundi apime kwenye soketi ya pili iliyokufa. Atakuta matundu yote mawili yanawaka testa! Moto umepita ndani ya taa, umetokea upande wa nyutro, umekosa pa kurudia. Mafundi wengi wakiona hivyo husema "kuna shoti". Si shoti, shoti ingeangusha breka. Hiyo ni nyutro iliyokatika, na ni hatari, kwa sababu waya unaodhani ni salama una moto wa volti 230.

Mwenye multimita hamalizi dakika mbili. Moto na nyutro: panatakiwa pawe karibu na 230. Moto na ethi (waya wa kwenda ardhini) vilevile. Ikiwa moto na ethi panasoma vizuri lakini moto na nyutro hapasomeki au namba inayumbayumba, huenda ukuta wako hauna hatia, nyutro imechomoka sehemu.

Kabla ya kufika huko kuna mambo madogo ambayo huenda umeshayafanya. Jaribu na kifaa ambacho umekiona kinafanya kazi jikoni. Angalia fyuzi ndani ya plagi, hizi plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi, na mara kadhaa nimeona mtu anaita fundi kumbe fyuzi ya ampia 13 imekatika. Swichi ya soketi yenyewe je? Breka nayo inadanganya: ikianguka wakati mwingine hukaa katikati, ukiitazama kwa mbali unaona iko juu. Ibonyeze chini kabisa kisha uipandishe. Ikianguka tena usishindane nayo, na usiifunge kwa kamba kama nilivyoona duka moja Mikindani.

Ukiwa na umeme wa fezi tatu, uliza kwanza kama vyumba vingine upande huo navyo vimezima, inaweza kuwa fezi moja haipo. Na kama taa zinawaka kwa ukali kuliko kawaida huku nyingine zimefifia, acha kila kitu, chomoa friji na TV, zima meni swichi, piga simu shirika la umeme. Hiyo ni nyutro kubwa ya kuingilia nyumba imekatika, na inaua vifaa vyote kwa pamoja.

Kwako mimi ningeanza hivi. Chora mstari kichwani kutoka kwenye boksi la breka hadi soketi zilizokufa. Soketi nzima ya mwisho kwenye mstari huo ndiyo mshukiwa namba moja, hasa kama ni ile ya pasi, birika au jiko la umeme. Soketi ya ampia 13 mwisho wake ni kama wati 2,990, na birika la wati 2,200 likichemshwa mara tano kwa siku kwenye skrubu iliyolegea lazima liache alama. Nusa. Plastiki iliyoungua ina harufu yake. Tazama kama uso wa soketi umegeuka manjano au kahawia karibu na tundu.

Kufungua, kama mkono wako si mzoefu, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ila simama pembeni na umwambie aanzie hapo. Ukifungua mwenyewe, hii si hiari: jaribu testa kwenye soketi nzima uone inawaka, zima meni swichi yote na si breka moja, maana breka moja hukata moto tu na nyutro inabaki imeungana na nyumba nzima, kisha jaribu tena uone imezima. Una jenereta au sola? Zima nayo. Rangi usiziamini. Nyumba za zamani nyekundu ni moto, nyeusi nyutro, kijani ethi. Za siku hizi kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Na ziko nyumba ambazo fundi alitumia waya uliokuwepo siku hiyo.

Ndani, vuta kila waya taratibu. Usiobanwa utatoka wenyewe. Ukikuta ncha nyeusi au yenye kutu ya kijani, usiirudishe hivyo hivyo. Kata mpaka uone shaba inayong'aa, menya upya, kunja ncha, ibane kwa nguvu. Waya ukiwa mfupi, unga kwa konekta ya skrubu, usisokote na kufunga selotepu. Na soketi iliyoungua itupe, kwa sababu vishikio vyake vimeshapoteza nguvu ya kubana.

Sisi wa pwani ya kusini tuna adui wa ziada. Upepo wa kusi unaleta chumvi, nyumba za Shangani na hata huko kwenu karibu na bahari skrubu zinashika kutu haraka, na sisimizi nao wanapenda kuhamia ndani ya soketi. Mzee alinifundisha kwenda dukani na kisumaku. Vishikio vya shaba ya kweli havinaswi, vya chuma kilichopakwa rangi vinanaswa. Skrubu zinaweza kunaswa, hizo usizihesabu. Na waambie watoto waache kutia kijiti cha kiberiti kwenye tundu la ethi ili plagi ya miguu miwili iingie. Kijiti kinafungua vifuniko vya ndani, plagi nyembamba inakaa kwa kulegea, na kulegea ndiko kunakounguza.

Umeuliza pia kuhusu ile ekstensheni uliyoivuta kutoka jikoni ili friji ya samaki isizime. Kwa usiku wa leo sawa, ila ikunjue yote isikae imeviringwa, usiipitishe chini ya mkeka, na pasi isichomekwe hapo. Saa nne usiku shika plagi yake kwa nyuma ya kiganja. Ukikuta ni ya moto, chomoa, na hao samaki wakaangwe usiku huohuo.