Usimwambie mama yako apumzike

Mama alipostaafu ualimu mimi nilikuwa Arizona, mwaka wa pili wa kubeba boksi, na nilifurahi kuliko yeye mwenyewe. Miaka 60 imetimia, chaki imewekwa chini, sasa ni zamu yangu. Nikamtafutia dada wa kazi, nikanunua friji, nikanunua televisheni kubwa na king'amuzi chake, kisha nikamwambia kwenye simu maneno ambayo sisi wa ughaibuni tunayajua kwa moyo: "Mama, umehangaika vya kutosha. Pumzika." Dada naye nikampa masharti yake pembeni. Mama asibebe ndoo. Mama asiende sokoni. Mama asisonge ugali.

Akapumzika kweli. Mwaka na nusu haujaisha, presha imepanda, magoti yamevimba, na mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya watoto sabini tangu asubuhi akawa hatoki barazani mpaka jua linazama. Nikimpigia ananisimulia tamthilia za Kituruki, nani kamsaliti nani. Nikasema basi, ndio uzee huo umefika.

Kosa langu nililigundua nikiwa kazini, na kazi yangu, kama nilivyosema, ilikuwa boksi. Kwa maana nyingine, nilikuwa natunza wazee wa watu.

Mji wenyewe unaitwa Sun City, uko kaskazini-magharibi mwa Phoenix. Zamani palikuwa mashamba ya pamba. Mkandarasi mmoja, Del Webb, akajenga hapo nyumba za mfano, uwanja wa gofu, ukumbi na maduka, akafungua tarehe 1 Januari 1960. Wapo waliomwona kachanganyikiwa: mzee gani mwenye akili ataacha wanawe na wajukuu akahamie jangwani kuishi na wazee wenzake? Siku tatu za mwanzo walikuja kutazama watu kama 100,000. Leo mji una wakazi karibu 40,000. Kanuni yao ni kwamba kila nyumba awemo walau mtu mmoja aliyefikisha miaka 55, na mwenye umri chini ya miaka 19 hahamii. Mjukuu anakuja likizo, anarudi kwao.

Siku ya kwanza nilipotea humo dakika arobaini nzima. Barabara zimepindwa duara ndani ya duara kama kawa la ukindu, ukiingia hujui unatokea wapi. Nilitarajia kukuta kitu kama wodi. Saa kumi na mbili asubuhi nikakuta vibabu vimejipanga kwenye vigari vya gofu vinasubiri geti lifunguliwe, na bibi mmoja mwenye kaptula akanielekeza njia huku anakimbia. Hakusimama kunielekeza, jamani. Alikuwa anakimbia.

Bibi niliyepangiwa alikuwa na miaka 87, mjane, nyonga moja ya bandia. Alitaka nimwite kwa jina lake tupu kama wafanyavyo wote kule. Ulimi ulikataa. Mtu umri wa bibi yangu namwitaje kama namwita shoga yangu? Tukakubaliana nimwite Bibi, nikamfundisha na shikamoo, akawa ananidai kila asubuhi kabla sijavua viatu.

Kwenye mlango wa friji alibandika kalenda. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mazoezi ya majini. Jumanne, karakana ya mawe, ambako yeye na wenzake walikata vijiwe vya kawaida na kuving'arisha mpaka utadhani vito. Alhamisi, karata. Mji una vituo saba vya michezo na burudani, na vyama vya wakazi zaidi ya mia moja: wafinyanzi, maseremala, wacheza dansi. Lipo hata kundi la akina mama waliovuka miaka 55, Sun City Poms, lililoanza mwaka 1979, wanavaa sare zinazometameta wanacheza kwenye maandamano barabarani. Nilipowaona mara ya kwanza niliona haya kwa niaba yao. Mara ya pili nikawakumbuka mama zetu wa Tanga waliokuwa vijana enzi za taarabu ya kikundi cha Black Star, nikajiuliza ni nani aliwaambia waache kucheza.

Lakini burudani siyo iliyonifumbua macho.

Ilikuwa Julai, joto limepita nyuzi 43, Bibi kaamka mchovu. Mimi na huruma zangu za kwetu nikamwambia, Bibi, leo usiende, pumzika. Nikateremsha mapazia, nikamfunika shuka. Ilipofika saa tatu simu ilikuwa imeshaita mara tatu, zote za wenzake wa bwawani. Wa nne hakupiga. Alikuja na kigari chake, akasimama mlangoni nywele zinachuruzika maji, taulo shingoni, akaniuliza Bibi yuko wapi kwa sauti kama ya askari. Bibi akainuka kitandani kanikasirikia: "Wanadhani nimekufa!"

Nilicheka, kisha usiku sikupata usingizi. Nilijiuliza Mama asipoonekana kesho pale mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, nani atakuja kugonga mlango na nywele zake mbichi?

Zamani wangekuja. Mwalimu asipofika shuleni, saa mbili haijagonga mtoto keshatumwa nyumbani kumwulizia. Muuza samaki alimwekea changu wake pembeni, asipotokea siku mbili anaulizia. Bombani kulikuwa na foleni na umbea wa foleni. Kila kazi niliyomwondolea Mama ilikuwa na mtu ndani yake. Nilidhani namtua ndoo, kumbe namtua na watu. Yule bibi wa Kizungu aliyehama kijiji chake akaenda kukaa na wageni jangwani alikuwa na watu kumi na wanne wanaomsubiri saa moja asubuhi. Mama yangu, aliyezaliwa na kuzeekea mtaa uleule, alikuwa anasubiriwa na televisheni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenzangu mwenye mzazi mstaafu ni huu: kabla hujauliza kala nini, uliza kesho anasubiriwa na nani. Akikosa jibu, hela ya kutumia hapo ndipo ianzie.

Sasa tulifanyaje? Nilianza vibaya. Nilikuwa nampigia nikiwa nimekaa pembeni ya bwawa namsubiri Bibi, kule saa moja asubuhi, Tanga saa kumi na moja jioni (Arizona hawasogezi saa zao mbele na nyuma, kwa hiyo mwaka mzima tofauti ni saa kumi tu, rahisi kukumbuka). Nikamwamuru Mama aanze mazoezi. Nikamtajia na dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee. Akanijibu, "Yaani nizunguke barabara ya kumi na mbili peke yangu kama kuku aliyetoka kwa mganga?" Alikuwa sawa. Hata kule Sun City simkumbuki mtu aliyeingia majini kwa ajili ya dakika. Waliingia kwa sababu fulani kesha fika na atasema.

Tukaanza na samaki. Nikamwomba dada aache kwenda sokoni peke yake: yeye abebe kikapu, Mama abishane bei. Wiki ya pili Mama ndiye aliyekuwa anamwamsha dada.

Kisha wakaja watoto, na hilo sikulipanga mimi. Mjukuu wa jirani yuko darasa la tatu, hajui kusoma. Mama akasema mleteni. Akaja mmoja, wakawa wanne, mwisho wakafika kumi na mmoja, wanakaa kwenye mkeka barazani kila siku saa kumi. Mzazi mwenye uwezo analeta kibaba cha mchele, asiye nacho haulizwi. Nilitaka kumnunulia ubao mweupe na kalamu zake, akakataa, akataka ubao mweusi na chaki. Hilo vumbi la chaki lilimkohoza miaka thelathini na kitu, sasa kalirudia kwa hiari yake. Usibishane na mzee kwenye mambo kama haya. Kazi inayomrudisha mtu kwenye ustadi wake ina nguvu kuliko yoyote utakayomvumbulia wewe, na ndiyo maana mradi wa kuku niliomletea kabla ya hapo ulikufa kifo cha aibu. Mama hajawahi kupenda kuku wakiwa hai.

La tatu ni mchezo. Wako wanane, karibu wote wastaafu, kila Jumamosi kila mmoja anatoa elfu kumi na mmoja wao anapokea. Hela ndogo, lakini sikiliza sheria yao: hela haitumwi kwa simu. Inaletwa kwa mkono, na mwenyewe. Ukiumwa, tunakuja kwako kuichukua. Nilipoisikia nilitamani kuwapigia makofi. Wangeruhusu kutumiana kwa simu, kile kikao kingekufa mwezi wa kwanza, na wao wanalijua hilo bila kuambiwa na mtu. Kama kwenu kuna mzee mwenye mchezo, usimrahisishie. Mpe nauli aende.

Wanawake walewale ndio waliokuja kuanzisha kutembea, baada ya swala ya alfajiri, kuelekea Raskazone, wanarudi kabla jua halijawa kali. Nilichochangia mimi ni kitu kimoja nilichojifunza bwawani: mazoezi ya kusimama. Unashika mgongo wa kiti, unainua mguu mmoja, unahesabu. Kuanguka ndiko kunakowamaliza wazee, na kutembea peke yake hakumfundishi mtu kutoanguka. Wanafanya wakipumzika, wakishikana mabega badala ya kiti, na nasikia ni kicheko kitupu. Presha ya Mama haijaondoka, dawa anameza kila siku na kliniki haikosi, nisije nikasikia mtu kamwachisha mamake dawa kwa sababu yangu. Ila habari za tamthilia sizipati tena.

Nisiwadanganye, Sun City siyo pepo. Mchana umejaa, usiku ni mrefu. Nikimaliza kazi jioni Bibi alikuwa anatafuta sababu ya kunibakiza dakika kumi: taa ile, kopo hili halifunguki. Wanawe walikuwa mikoa ya mbali, wanapiga simu sikukuu. Na kila kitu kinaenda kwa gari au kigari, kwa hiyo siku macho yanapokataa kuendesha, mtu anafungiwa nyumbani kwake bila kosa. Nilimwona jirani yake akilia siku aliyonyang'anywa funguo na watoto wake, kilio cha msiba. Halafu gharama. Saa yangu moja ya kazi ilikuwa inalipiwa, na mwenye pensheni ndogo hana mtu kama mimi wa kumpeleka popote.

Kuna rafiki yangu aliniuliza kwa nini tusijenge mji kama huo huku, Kibaha ama Bagamoyo, viwanja vipo. Nilimwambia hapana. Ukimtoa Mama Ngamiani ukamweka kwenye uzio na wenzake, wale kumi na mmoja watasoma wapi? Kalenda ya friji niliichukua. Uzio niliuacha.

Wanaume ni shughuli nyingine, na hapa sina ushindi wa kujitapa. Ba' mdogo wangu alistaafu reli. Kiinua mgongo alikinunulia daladala, akamkabidhi dereva aliyemwamini, na mwaka haukuisha gari liko juu ya mawe. Tangu hapo hakutaka kusikia neno mradi, na kijiweni hakwendi kwa kuona wanamcheka. Nilimpeleka kwenye bao, akacheza siku mbili. Nikamshauri atembee na kina Mama, sitaki kurudia alichonijibu.

Kule Sun City niliona mababu waliokuwa mainjinia wanashinda kwenye karakana ya useremala wanatengeneza vikaragosi vya mbao, wala hawaongei sana, kila mtu na kipande chake, ila saa nne wote wanasimama kunywa kahawa. Nikafikiri kwamba pengine mwanaume hawezi kuambiwa aende kukaa na wenzake. Labda aambiwe kuna kitu kimeharibika. Tanga baiskeli hazijaisha. Nilipokuja likizo nikaacha baiskeli yangu mbovu kwenye ukumbi wake, nikasema fundi wa barabara ya nane kaniangusha, nikaondoka zangu. Alikaa nayo wiki tatu bila kuigusa. Halafu aliigusa. Sasa kuna tatu pale nje, mbili za majirani, na mzee mwenzake mmoja wa relini anakuja asubuhi kumkosoa.

Juzi alinitumia ujumbe, yeye ambaye huwa hatumi. Hakuomba hela wala shati. Anataka ufunguo wa kukazia spoki, ule wa mviringo wenye matundu ya saizi mbalimbali, na amesisitiza nisilete wa Kichina.