Matonge matatu ya bada

Swali lenu la wiki hii, kama mtu aliyepunguzwa tumbo kwa upasuaji anaweza kuvirudia vyakula alivyovipenda, nimelisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo changu. Mimi ni mmoja wa hao. Nilipasuliwa mwaka 2021, nikiwa na kilo 128 na kisukari cha miaka sita, na jibu langu ni ndiyo. Vinarudi. Nakasirika sana nikisikia wagonjwa wanavyotishwa kwamba ukishakatwa tumbo utaishi kwa uji mpaka unaingia kaburini. Mchana wa leo nimekula wali, maharage na kipande cha kibua, na hakuna kilichonipata.

Ila mnauliza habari za tumbo, na mimi nataka kuzungumzia aliyekupikia.

Kwa wasiojua, mimi nilifanyiwa ile ya kukata. Huondolewa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo hasa inayotengeneza homoni ya njaa, ndiyo maana miezi ya mwanzo nilikuwa nategesha simu initajie saa ya kula. Wiki mbili za vitu vya majimaji, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na baada ya miezi miwili hivi ukaruhusiwa chakula cha kawaida. Kitoweo kwanza, ugali mwisho. Maji usiyachanganye na chakula, subiri nusu saa. Tafuna mpaka kiwe uji. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, B12 ikiwamo. Yote hayo niliyashika vizuri.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji nikaenda Tanga. Mama anakaa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, na habari ya upasuaji nilikuwa nimempa kwa simu tu, nusunusu: kwamba ni tumbo, kwamba ni kwa ajili ya sukari. Nilipoingia alinitazama toka miguuni mpaka kichwani, akanigusa hapa chini ya shingo palipochomoza mifupa, akasema, "Mwanangu, umekwisha." Nilikuwa nimepungua kilo 38. Dar watu walikuwa wananipongeza kazini. Mama aliona mgonjwa.

Siku ya pili akapika bada. Kwa msomaji wa bara: huo ni ugali wa muhogo mkavu, makopa yametwangwa yakachekechwa, na ukiiva unakuwa na rangi ya kijivu, unateleza na kunata. Kwetu hautafunwi. Unafinya tonge, unalibonyeza kwa dole gumba, unachota mchuzi, unameza. Nimemeza hivyo tangu utoto wangu. Mchuzi ulikuwa wa samaki changu, wa nazi na ukwaju, na juu yake pilipili mbichi moja nzima, anayoniwekea mimi peke yangu kwa sababu ndugu zangu pilipili hawaiwezi. Alikuwa amemtuma mjukuu wake soko la samaki la Deep Sea asubuhi ileile, asitake samaki wa barafu.

Tukakaa mkekani. Nikaanza na samaki, kama nilivyofundishwa. Mama akanitazama. "Bada huitaki?"

Tonge la kwanza nikalitafuna. Bada haitafuniki. Kadiri unavyotafuna inakuwa kama ulimbo, inagandia meno ya juu, na mimi nikaona aibu kutafuna bada mbele ya mama yangu kama mgeni aliyeshuka jana. La pili nikalimeza. La tatu nikalimeza. La nne lilikuwa bado mkononi nilipohisi kitu kimesimama katikati ya kifua, nyuma ya mfupa. Si maumivu ya tumbo yale mnayoyajua, ni kama umemeza ngumi. Mate yakaanza kujaa, mazito, ya povu, ukiyameza yanarudi.

Nikatoka mbio mpaka uani, nikainama. Mama akanifuata na kata ya maji. "Kunywa, kunywa lishuke." Na maji ndiyo hasa hutakiwi kunywa wakati ule, maana hayana pa kupita. Nikawa natikisa kichwa, sauti haitoki, naye anazidi kunisogezea kata mdomoni. Nikaisukuma. Maji yote yakamwagikia kanga yake. Nilikaa pale dakika kama ishirini, mpaka lile tonge likarudi vilevile nilivyolimeza, na alama ya dole gumba langu karibu ionekane.

Mama hakusema kitu. Aliingia ndani akafunika chungu. Usiku nikamsikia barazani anamwambia jirani, "Wameniharibia mtoto."

Asubuhi nikataka kuondoka. Akanizuia, akaniambia nimweleze vizuri nilichofanywa, nisimfiche. Nikachukua ndizi mbivu mezani nikamwonesha: mama, tumbo langu limebaki hivi. Akaishika ile ndizi, akaigeuza, akaibonyeza kidogo kwa kidole. Mchana akasonga bada tena, laini kuliko ya jana. Safari hii matonge aliyafinya mwenyewe, kila moja kiasi cha punje ya harage, akayazamisha kabisa kwenye mchuzi, akayapanga kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa. Matatu. Kisha akakaa mbele yangu anahesabu ninavyotafuna, midomo yake inakwenda pamoja na yangu. Yakapita yote.

Kwa hiyo nilipoanza barua hii nilikuwa na hakika. Bada ilinikataa leo, kesho yake ikapita.

Lakini nimefika hapa nikasita, kwa sababu kuna jambo sijamwambia mama mpaka leo. Yale matonge matatu sikuyafurahia. Nazi ilinikinai, na harufu ya muhogo, ambayo zamani ilinitoa kitandani, ikawa kama ya chakula cha nyumba ya watu. Daktari aliniambia ladha hubadilika kwa wengi baada ya upasuaji, na kwamba huenda itarudi. Pengine itarudi. Nimekwenda Tanga mara nyingi tangu hapo, nakula matatu, siku nyingine manne, namshukuru mama, na namwambia ni tamu.

Vitu vilivyonirudia bila kipingamizi chochote ni juisi ya miwa, krispi na aiskrimu. Hivyo vinateleza tu, havikusimami, hata ukila mfululizo. Mwaka 2023 kilo saba zilinirudia kwa njia hiyo hiyo. Sasa mtu akiniambia "siku hizi napata kila kitu bila shida", namuuliza kwanza ni vitu gani.

Basi naomba nilibadilishe jibu langu la mwanzo. Tumbo litavipokea vingi ukilipa muda wa mwaka mmoja au zaidi, japokuwa kwangu chapati na mishikaki vinasimama mpaka kesho. Lakini kama unapasuliwa ukitegemea kwamba ipo siku utakaa mkekani ule kama ulivyokuwa unakula, mimi naona hapana, na ni afadhali ulilie hilo mapema kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Hayo nayasema nikiwa sijutii hata kidogo: vidonge vya sukari daktari aliniachisha, magoti hayaniumi, napanda ngazi za ofisini mpaka juu. Tena msinichukue mimi kuwa kipimo. Tuliyelazwa naye wodi moja anakula ugali bila tabu, yeye mayai ndiyo yamemkataa. Na wale wa upasuaji wa aina nyingine, waliounganishwa tumbo na utumbo, wana yao: kitu kitamu kidogo tu, moyo unawaenda mbio na jasho linawatoka. Hao wajisemee wenyewe.

Ninachoweza kumwomba anayejiandaa ni kimoja. Siku ya kuelekezwa chakula, nenda na anayekupikia, aisikie kwa masikio yake habari ya maji na chakula. Mimi ningeenda na mama, lile tonge lisingetokea, wala yale maneno ya barazani.

Mwezi ujao nakwenda Tanga. Mama amepiga simu Jumapili: makopa ameshaanika, na kile kisahani cha kahawa kimevunjika, nimletee kingine cha ukubwa uleule.