Jibu: Mapishi ya haraka kwa anayefika nyumbani saa moja jioni

Dada, umeuliza upike nini siku za kazi, ilhali unafika nyumbani saa moja jioni na watoto hulala saa tatu. Kwa maoni yangu, anza na maharage. Yaloweke usiku wa Jumamosi, uyachemshe Jumapili hadi yaive kabisa, kisha uyagawe katika vyombo vidogo vyenye mfuniko. Ya siku mbili tatu za mwanzo yakae kwenye friji, na yaliyobaki uyagandishe. Jioni utakaanga kitunguu, uongeze nyanya na karoti iliyokunwa, uache nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni, ndipo utie maharage na tui, ukikoroga taratibu ili tui lisikatike. Wali ukiwa jiko la pili, vyote huwa tayari kwa takriban nusu saa. Siku ambayo hata hilo ni zito, ugali kwa mayai na mchicha unatosha, hata kama mama mkwe atanuna. Dagaa pia nawapendekeza, mradi uwachambue mapema, kwa sababu kutoa vichwa vya dagaa saa mbili usiku ni adhabu.