Unaenda Chennai Desemba? Kaa kwenye kacheri ya Karnatiki mpaka mwisho

Dada, umeuliza mambo mawili. Unampeleka mama Chennai kwa matibabu mwezi Desemba, mtakuwa na siku za kusubiri majibu, na umesikia huko kuna msimu wa Karnatiki, muziki wa jadi wa Kusini mwa India, ambao onyesho lake moja huitwa kacheri: je, mtu asiyejua Kitamil hata neno moja anaweza kwenda kusikiliza na akafaidi? La pili, wewe ni Mwislamu na nyimbo zile ni za miungu yao, je, utakaribishwa? Mimi nilisoma Chennai, na misimu ile kila nilipopata nafasi nilikuwa ukumbini. Nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na la pili maana ni jepesi. Hakuna atakayekuuliza dini yako mlangoni. Ni kweli nyimbo nyingi ni za kumsifu Rama, Krishna, Shiva au Devi, lakini wewe ni msikilizaji, huombwi kuitikia wala kusujudu. Sheik Chinna Moulana, Mwislamu aliyepuliza nadaswaram, ile zumari ndefu ya Kusini mwa India, alipewa tuzo ya Sangita Kalanidhi mwaka 1998, na katika muziki huu ni vigumu kutaja heshima iliyo juu ya hiyo. Mwimbaji Yesudas naye amezaliwa katika familia ya Kikatoliki, na Karnatiki ameiimba tangu ujana. Kizingiti kilichopo ni cha namna nyingine: kumbi kubwa zimetawaliwa kwa muda mrefu na Wabrahmani, watu wa tabaka la juu la Wahindu, jukwaani na kwenye viti. T. M. Krishna, mwimbaji mkubwa, amelisema hilo hadharani bila kuuma maneno, na ni mmoja wa walioanzisha tamasha katika kijiji cha wavuvi cha Urur Olcott Kuppam. Ni vizuri ulijue hilo. Ila mgeni aliyekuja kusikiliza, mimi nimeona anapokelewa vizuri mno, hasa na wazee, ambao wakikuona unatega sikio hawaachi kukufundisha.

Msimu wenyewe unaitwa Margazhi, jina la mwezi wa Kitamil unaoanza katikati ya Desemba. Mwaka 1927 ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki Madras, jina la zamani la Chennai, sambamba na kikao cha chama cha Congress, na mwaka uliofuata ikazaliwa Music Academy, ambayo hadi leo ndiyo inayotazamwa na wote. Vyama vya aina hiyo huitwa sabha, navyo ni vingi: Narada Gana Sabha, Krishna Gana Sabha, Mylapore Fine Arts Club na vinginevyo. Kama hospitali yenu iko upande wa Greams Road, Music Academy haiko mbali, bajaji itakufikisha.

Usihangaike na tiketi za nyota wa jioni. Nenda mchana. Sabha nyingi huwapandisha waimbaji vijana saa za mchana, na mara nyingi kuingia ni bure. Vijana hao wanajua kwamba wasikilizaji wakali wa mji wamekaa mbele yao, basi huimba kwa moyo wote. Nafasi zipo, unakaa karibu, unaona mikono. Kwa mgeni, kuona mikono ndiko kunakofungua mlango.

Jukwaani watu huwa wachache. Mwimbaji katikati, amekaa chini, amekunja miguu, pekupeku. Kulia au kushoto kwake mpiga fidla, naye kakaa chini, kichwa cha fidla kimeegemea kifundo cha mguu badala ya kunyooshwa hewani kama unavyoona kwa wapigaji wetu wa taarab. Upande wa pili mridangam, ngoma ya pande mbili iliyochongwa kwa gogo la mfenesi. Wahi kufika uone inavyoandaliwa: mpigaji anakanda unga kwa maji, anaubandika upande wa kushoto ili sauti iwe nzito, kisha anagonga ukingo wa kulia kwa kijiwe mpaka sauti ilingane na ya mwimbaji. Mara nyingine huongezwa ghatam, mtungi wa udongo mtupu unaopigwa kwa vidole, au kanjira, tari ndogo iliyozoeleka kuwambwa ngozi ya kenge. Nyuma kabisa iko tambura, haina wimbo, inashikilia sauti ya msingi mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mara nyingi utaona na kisanduku cha umeme kikifanya kazi hiyo.

Sasa kwenye swali lako la kwanza. Maneno yasikutishe. Tyagaraja, mtunzi aliyeishi 1767 hadi 1847 na ambaye utamsikia karibu kila siku, alitunga zaidi kwa Kitelugu, na Dikshitar, mtunzi mwingine mkubwa, alitunga zaidi kwa Kisanskriti. Kwa hiyo hata Watamil waliokaa karibu nawe, wengi hawayapati maneno yote. Wamekuja kufuata mahadhi na mapigo, na hayo mawili unaweza kuyafuata leo hii.

Anza na mapigo. Mzunguko wa mapigo huitwa tala. Tala inayopigwa zaidi ni Adi, yenye mapigo manane, na huhesabiwa kwa mkono pajani: kofi moja, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, halafu kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Rudia. Mwimbaji mwenyewe anafanya hivyo jukwaani, na ukumbi mzima unafanya naye, kimya kimya. Mwige. Utagundua kwamba wimbo wakati mwingine hauanzi kwenye kofi la kwanza, unaanza nusu pigo baadaye au pigo moja na nusu. Usikate tamaa, mkono uendelee. Mkono ukishazoea, muziki uliokuwa unakupita unaanza kukungoja.

Mahadhi yanaitwa raga. Mwimbaji kabla ya wimbo mkubwa huifungua raga bila maneno wala ngoma, anatafuta sauti za chini, anapanda taratibu, anakaa juu, anashuka. Hiyo ni alapana, na hakuna kilichoandikwa, inazaliwa pale pale. Msikilize mpiga fidla: anamfuata mwimbaji nyuma yake kidogo tu, kama kivuli, na hajui kipande kijacho kitaelekea wapi. Kisha anaachiwa zamu yake aseme ya kwake. Kwa kuanzia, omba Mungu uangukie Mohanam au Hamsadhwani, zenye sauti tano tano, au Kalyani. Todi ni bahari. Sauti zake nyingi hazitulii, zinatikiswa, na mgeni huona kama mwimbaji kapotea. Mimi Todi ilichukua muda kuniingia, na sasa siwezi kuiacha.

Nilipoielewa ni mchana mmoja katika sabha ya Mylapore. Mwimbaji alikuwa binti mdogo. Alipomaliza alapana na kuingia kwenye wimbo, alifika mstari mmoja akaukamata. Akaurudia kwa namna nyingine, maneno yale yale, kila neno likirudi karibu na pigo lake, lakini sauti zinazunguka njia mpya kila mara. Hiyo huitwa neraval. Fidla ikajibu. Akarudia tena, juu zaidi. Halafu akaacha maneno, akaanza kuimba majina ya sauti zenyewe, sa ri ga ma pa da ni, vipande vifupi, kisha virefu, kisha virefu vya kutisha, na kila mara akitua kwenye neno lile lile alilotoka. Mzee jirani yangu alikuwa amefumba macho, mkono unahesabu. Kila binti alipotua, mzee alisema "sabash", yaani vizuri sana, kwa sauti ndogo, na mimi nikajikuta nimeshaijua sekunde atakayotua. Todi ikawa imeniingia mkononi kabla ya sikioni.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo naomba uilinde. Wimbo mkubwa ukikaribia mwisho, mwimbaji na fidla hunyamaza na kuwaachia wapiga ngoma peke yao. Inaitwa tani avartanam. Utaona watu wanainuka kwenda kunywa kahawa au kuwahi usafiri. Ni tabia mbaya, inalalamikiwa kila mwaka, na wewe usiifuate. Mridangam inasema, mtungi unajibu. Vipande vinafupishwa, vinafupishwa zaidi, mpaka wanapokezana kipande kidogo kabisa, kisha wanaungana. Mwishoni wanapiga fungu refu mara tatu mfululizo, na pigo la mwisho linaangukia pale pale mstari wa wimbo unapoanzia, mwimbaji anaudaka. Kama mkono wako umehesabu muda wote huo, utasisimka mwili. Anayetoka wakati huo amekosa nusu ya hesabu iliyokuwa ikijengwa tangu mwanzo.

Kutunza hakuna. Najua sisi wimbo wa taarab ukinoga mtu anainuka na noti yake mpaka kwa mwimbaji. Kule usisimame. Ukipendezwa, tikisa kichwa, sema "aha" au "sabash" taratibu, piga makofi wimbo ukiisha. Simu izime. Kutoka ni kati ya wimbo na wimbo tu.

Kacheri moja huchukua kama saa mbili hadi tatu, na mpangilio wake wa leo, wimbo wa kuchangamsha mwanzo, mzito katikati, vyepesi mwishoni, unahusishwa na Ariyakudi Ramanuja Iyengar, aliyefariki 1967. Vile vyepesi vya mwisho mama atavipenda, ni vifupi na vitamu. Ukisikia mangalam, wimbo wa kufungia, ndiyo imekwisha.

Kuhusu mama: kumbi zenye viyoyozi ni baridi kweli, beba kanga mbili au shali. Kaeni viti vya pembeni ili akichoka mtoke bila kusumbua watu. Sabha kubwa huwa na mgahawa wa msimu, vyakula vya mboga tupu, dosai, idli na vada juu ya jani la mgomba, na kahawa ya maziwa yenye povu. Kwa mtu wa dawa, idli ni laini na haina mafuta, ila pilipili ya sambar, mchuzi unaoliwa nayo, muulize daktari.

Magazeti ya Chennai hutoa ratiba msimu unapokaribia. Mkishajua mtakapofikia, andika hapa jina la mtaa na siku mlizo huru, nikuelekeze sabha iliyo karibu. Na kama ratiba itaonyesha majina ya raga, yaweke pia, nikwambie ipi ya kuanza nayo.