Mashindano ya Konferensi: Binti Yangu, Andaa Miguu Kabla ya Machi

Msichana mmoja anayejiandaa kwenda kucheza kikapu chuoni Marekani ameniandikia kuuliza: mashindano ya konferensi yana ugumu gani, ilhali wapinzani ni walewale wa ligi? Swali zuri, na namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Tangu Madina Okot atoke Chuo Kikuu cha Zetech pale Kenya akaenda chuo cha Mississippi State, kisha South Carolina, mabinti wengi wa kwetu wanaiona njia hiyo kuwa yao pia. Ni yenu kweli. Basi jifunzeni kilichomo.

Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja. Mapema Machi timu hukutana kwenye uwanja mmoja, na ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Bingwa anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ambayo mwaka 2022 yaliongezwa hadi timu 68. Nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati, na konferensi ndogo mara nyingi haipati zaidi ya ile moja ya bingwa. Kazi yote ya tangu Novemba inaamuliwa ndani ya siku chache.

Ugumu wenyewe uko kwenye ratiba. Chukua SEC, konferensi ya vyuo vya kusini mwa Marekani, yenye timu 16 baada ya Texas na Oklahoma kujiunga. Nne za juu huanzia robo fainali siku ya Ijumaa, kwa hiyo ubingwa kwao ni mechi tatu. Ya tano hadi ya nane huanza Alhamisi, mechi nne. Waliobaki huanza Jumatano, na wakitaka kombe wacheze siku tano mfululizo. Ndiyo maana mechi ya Januari unayoiona ya kawaida inakununulia siku ya kupumzika Machi. Anayezembea Januari anailipa kwa magoti yake.

Inawezekana kupanda kutoka chini. Mwaka 2022 Kentucky, iliyopangwa ya saba, ilicheza Alhamisi hadi Jumapili mjini Nashville na kuifunga South Carolina 64-62 kwenye fainali, kwa mtupo wa pointi tatu wa Dre'una Edwards sekunde za mwisho. Lakini Kentucky hiyohiyo ikatolewa na Princeton mechi ya kwanza ya taifa, na South Carolina ndiyo ikawa bingwa wa Marekani.

Uchovu wa siku ya tatu huonekana kwanza kwenye mitupo huru. Mpira unapungua nguvu, unagonga ukingo wa mbele wa ringi. Mchezaji anadhani mkono umeharibika na anaanza kurekebisha kiwiko, kumbe ni mapaja yaliyoisha. Mtupo unaanzia magotini. Dawa yake inaanza Januari: mwisho wa kila mazoezi, tupa miwili, kimbia uwanja kwenda na kurudi, tupa miwili tena, hadi ufikishe 20. Kupiga 50 umesimama, umepumua vizuri, hakukufundishi kitu utakachokihitaji Machi. Kocha naye agawe dakika. Anayewachezesha watano walewale dakika 37 Alhamisi atawakosa Jumamosi. Wachezaji wanane wanaoaminika wanatosha, na mechi ya kwanza nyota asivuke dakika 32 kama matokeo yanaruhusu.

Mechi ikiisha, kula ndani ya nusu saa: wali au viazi, kuku, ndizi, maziwa. Usisubiri basi lifike hotelini. Jipime uzito kabla na baada ya mechi; kila kilo iliyopungua irudishwe kwa lita moja na nusu ya maji, kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi. Asubuhi yake hakuna mbio: dakika 30 za kutembea mkipitia mipango ya mpinzani zinatosha. Viatu vipya viache nyumbani, maana lengelenge la siku ya kwanza linakuwa kidonda siku ya tatu.

Jambo moja linawashangaza wanaotoka kwetu, ambako saa haibadiliki. Jumapili ya pili ya Machi, Marekani husogeza saa mbele: saa nane usiku inakuwa saa tisa. Fainali ya SEC ya 2024 na ya 2025 zote ziliangukia siku hiyo. Unapoteza saa nzima ya usingizi usiku wa kuamkia fainali, kwa hiyo anza kulala mapema tangu Alhamisi. Mwaka 2025 mashindano yalikuwa pia ndani ya Ramadhani. Mwenye kufunga azungumze na kocha na daktari wa timu wiki kadhaa kabla, daku iwe na maji na chakula kizito, na ajue kwamba Jumapili hiyo futari nayo inachelewa kwa saa moja.

Hesabu faulo. Robo moja ya mechi ni dakika 10, na faulo ya tano ya timu ndani ya robo inampa mpinzani mitupo miwili. Robo mpya, hesabu mpya. Ila muda wa nyongeza unaendeleza hesabu ya robo ya nne, na hapo wengi hujisahau. Ukiwa benchi, ugomvi ukizuka, kaa. Fainali ya SEC ya 2024 kati ya South Carolina na LSU, chuo cha Louisiana, wachezaji walioinuka benchi na kuingia uwanjani walitolewa. Kamilla Cardoso wa South Carolina, aliyemsukuma mpinzani, alitolewa pia na akakosa mechi ya kwanza ya taifa. Hasira ni yako, adhabu ni ya timu nzima. Liweke hilo moyoni, mwanangu.

Siku moja kabla, Cardoso huyohuyo aliiokoa timu dhidi ya Tennessee, 74-73. Ilibaki sekunde 1.1, akapokea pasi iliyorushwa kutoka nje ya mstari na kufunga pointi tatu, za kwanza katika maisha yake ya chuo. Ndani ya dakika ya mwisho ya robo ya nne, timu ikipata mpira na kuomba taimu, yaani kusimamisha mchezo kwa muda mfupi, inaweza kuusogeza hadi nusu ya mpinzani. Panga mtu wa kurusha, mtu wa kumzibia mlinzi njia na wawili wa kupokea, kisha mrudie mpango huo mara tano kila mazoezi, mkiwa mmechoka.