Swali la lugha: "Kilowati-saa" au "kilowati kwa saa"?

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Changamwe. Nafunza vijana ufundi wa umeme na sola, na kila juma nawaandalia ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu utafiti mpya wa kihandisi: betri, paneli, mawasiliano, akili unde (AI). Wenzangu wananikosoa, kila mmoja na lake. Mmoja ataka niandike "kawi", mwingine "nishati", wa tatu asema "stima" yatosha. Wengine hawazipendi sentensi zangu hizi: "Betri hii ina nguvu za kilowati 5 kwa saa", "Ufanisi wa sola umeongezeka kwa asilimia 34.6", na "Mfumo ulifunzwa kwa miaka 3." Je, nimekosea wapi?

JIBU: Wenzako wanagombania nomino, lakini sentensi zako zote tatu zimeharibikia mahali pengine, napo ni kwenye "kwa". Kawi na nishati nitazifikia, na hazitatuchukua muda mrefu. Hili la "kwa" ndilo linaloweza kumfanya kijana wako anunue betri isiyomfaa.

Tushike "kilowati 5 kwa saa". Katika lugha ya vipimo, "kwa" ikifuatwa na kipimo kisicho na nambari huashiria kugawanya. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, pampu itoayo lita 20 kwa dakika: humo mote umegawanya kitu cha kwanza kwa cha pili. Msomaji aliyezoea hayo akikuta "kilowati 5 kwa saa" atagawanya vilevile, naye atakuwa amepotea, kwa sababu nishati hupatikana kwa kuzidisha. Kilowati, kipimo cha nguvu, mara saa. Ndiyo maana kipimo hiki kiandikwe kwa kistari, kilowati-saa, bila neno lolote katikati. Kilowati-saa 1 ni sawa na megajouli 3.6, na ndicho kipimo kinachohesabiwa na mita ya nyumbani.

Wala usidhani "kilowati kwa saa" ni maneno matupu. Yana maana yake kamili, na watafiti wa gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, huyatumia. Upepo ukilegea Turkana, kituo kingine hulazimika kupandisha uzalishaji haraka, na mwendo huo wa kupandisha hupimwa kwa megawati kwa dakika. Makala moja ya kihandisi yaweza kuwa na vipimo vyote viwili katika ukurasa mmoja: megawati-saa kwa nishati iliyohifadhiwa, megawati kwa dakika kwa wepesi wa kituo kuitikia. Mfasiri akiandika "megawati kwa saa" huku na huko, amefuta tofauti ambayo pengine ndiyo iliyofanya utafiti uandikwe.

Mambo hubadilika nambari ikiingia. "Inverta ilitoa kilowati 2 kwa saa 3" ni sentensi sahihi (inverta ni kifaa kigeuzacho umeme wa betri uwe kama ule wa nyumbani), na hapo "kwa" yaonyesha muda: kilowati 2 mfululizo hadi saa 3 zitimie, jumla kilowati-saa 6. Mimi hupendelea "kwa muda wa saa 3" ili pasibaki shaka. Ila usiitupe "kwa" ukaandika "ilitoa kilowati 2 saa 3". Mswahili ataelewa kwamba jambo hilo lilitokea saa tatu, asubuhi au usiku, na hesabu yako itageuka kuwa ratiba.

Sasa betri yenyewe. Chukua betri ya lithiamu ya kawaida katika kazi ya sola: seli 16 zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla volti 51.2. Ikiandikwa ampea-saa 100, nishati yake ni 51.2 mara 100, yaani wati-saa 5,120, au kilowati-saa 5.12. Hiyo ndiyo "5" yako. Haisemi lolote kuhusu nguvu. Ili upate nguvu, tafuta kwenye kibandiko mkondo wa juu kabisa ambao betri yaruhusiwa kutoa. Tuseme umeandikwa ampea 50. Basi 51.2 mara 50 ni wati 2,560, kilowati 2.56. Mwenye nyumba aliyeambiwa "ina nguvu za kilowati 5" atawasha birika la kilowati 2 na pasi ya kilowati 1.2 kwa pamoja, na saketi ya ulinzi itakata palepale ingawa betri imejaa. Atamlaumu fundi, na kosa lilianza kwenye sentensi.

Andika hivi: "Betri hii huhifadhi nishati ya kilowati-saa 5.12 na huweza kutoa nguvu isiyozidi kilowati 2.56." Kutokana na sentensi hiyo kijana atajitolea mwenyewe jambo la tatu, kwamba ikitoa nguvu yake yote itamalizika baada ya saa 2 hivi. Vitenzi pia vinafanya kazi hapa. Nishati huhifadhiwa, hutumika, hulipiwa. Nguvu hutolewa na huhitajika kwa wakati fulani. Birika la kilowati 2 likichemka dakika 12 limetumia kilowati-saa 0.4 tu. Friji ya wati 150, lau ingezunguka mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, ingetumia kilowati-saa 3.6. Birika ndilo linaloishinda inverta kwa nguvu, lakini friji ndiyo inayoimaliza tokeni kwa nishati. Anayetumia neno moja kwa mambo haya mawili hawezi kumweleza mteja kwa nini.

Kwa vituo vya kuzalisha, neno linalofaa ni "uwezo". Kituo cha upepo cha Ziwa Turkana kina mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Huo ni ukomo wake upepo ukiwa mzuri. Usiandike kwamba "kinazalisha megawati 310 kwa siku", kwa maana "kwa siku" itagawanya tena, na siku nzima hupimwa kwa megawati-saa. Kikienda kwa uwezo wote saa 24, jambo ambalo upepo hauliruhusu, kingefikia megawati-saa 7,440.

Na inverta iliyoandikwa kilovolti-ampea 5? Hiyo iache hivyo, usiigeuze kilowati. Ikiwa kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya kilovolti-ampea inayofanya kazi halisi, ni 0.8, inverta hiyo itatoa kilowati 4.

Sentensi yako ya pili ina kasoro ya "kwa" na "hadi". "Kuongezeka kwa" hutaja nyongeza. "Kuongezeka hadi" hutaja pale ulipofika. Mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya Uchina ilitangaza seli ya perovskaiti, aina ya fuwele inayofyonza mwanga, iliyowekwa juu ya silikoni, yenye ufanisi wa asilimia 34.6. Ulivyoandika wewe, msomaji atachukua paneli ya asilimia 20, aiongezee asilimia 34.6 ya hiyo 20, apate karibu asilimia 27. Sahihi ni: "Ufanisi wa seli umefikia asilimia 34.6." Tena utafiti ulisema seli, nawe umeandika sola. Seli ndogo ya maabara si paneli ya kupanda nayo paani, na jina la jumla kama "sola" humfanya mteja aulize dukani bidhaa ambayo bado haijafika.

Hapo pana mtego wa pili. Ufanisi ukitoka asilimia 20 ukafika 25, umeongezeka kwa pointi 5 za asilimia, na wakati huohuo umeongezeka kwa asilimia 25, kwa kuwa 5 ni robo ya 20. Zote mbili ni kweli, na mwandishi mwenye haraka huchagua ile kubwa. Njia salama ni kutaja ncha zote mbili: "kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25". Inachukua maneno mawili zaidi, nayo inamaliza ubishi.

Ya tatu, "Mfumo ulifunzwa kwa miaka 3", ina maana mbili, na sidhani ulikusudia ya kwanza. Aghalabu mifumo ya akili unde ya kutabiri matumizi ya umeme hupewa kumbukumbu za mita za miaka kadhaa, lakini kufunzwa kwenyewe huchukua saa au siku. Ulichotaka ni "Mfumo ulifunzwa kwa data ya miaka 3", ambapo "kwa" ni ya kifaa, kama katika "kata kwa kisu". Ukipenda kuikwepa kabisa: "Mfumo ulifunzwa ukitumia data ya mita iliyokusanywa katika muda wa miaka 3." Na pale watafiti wanapojisifu kwamba makosa ya utabiri yamepungua, rudi kwenye kanuni ileile. "Yamepungua kwa asilimia 12" na "yamepungua hadi asilimia 12" ni matokeo mawili tofauti kabisa. Kama yalikuwa asilimia 15, la kwanza linakupa 13.2 na la pili linakupa 12.

Kwa kuwa waandika pia kuhusu mawasiliano, huko "kwa" hukaa vizuri, kwa sababu kasi ya data ni mgawanyo wa kweli: megabiti 20 kwa sekunde. Chunga tu biti na baiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo faili la megabaiti 100 ni megabiti 800, na katika laini ya megabiti 20 kwa sekunde litachukua sekunde 40, si 5. Jingine linalochanganywa ni kasi na ukawiaji, yaani muda ambao ishara huchukua kwenda na kurudi. Kebo za chini ya bahari zinazofika Mombasa, TEAMS ya mwaka 2009 ikiwa mojawapo, hubeba mwanga ndani ya kioo, na mwanga huo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 za kioo ni milisekunde 5 za kwenda, na nyingine 5 za kurudi. Kulipia megabiti nyingi zaidi hakupunguzi hata moja kati ya hizo. Basi mtu akilalamika kwamba "intaneti iko polepole", muulize kama faili linachelewa kumalizika au simu ya video inachelewa kujibu, ndipo uchague neno.

Kwenye makala za mawasiliano ndiko pia "kwa" hurundikana. Nimeona sentensi za namna hii: "Data husafirishwa kwa kebo kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde kwa watumiaji." Kila "kwa" ina kazi yake halali, ila msomaji lazima aitafute mwenyewe. Anza na mtenda, kisha ugawanye kwa "kila": "Kebo huwafikishia watumiaji megabiti 20 za data kila sekunde." Imebaki bila "kwa" hata moja.

Sasa nomino za wenzako. "Kawi" ndiyo iliyoshika Kenya, nasi tuna Wizara ya Kawi. Tanzania wana Wizara ya Nishati. Zote mbili ni maneno mema na zote ziko ngeli ya i-zi. Kwa mafunzo ya ufundi nakushauri "nishati", kwa sababu "kawi" masikioni mwa wengi yaambatana na nguvu, na wewe unahitaji kuzitenganisha. Lakini ukishachagua, usibadilishe katikati ya ukurasa. Kijana atadhani umetaja vitu viwili. "Nguvu" iwekee wati. Kwa msukumo unaopimwa kwa newtoni, vitabu vya Tanzania vina "kani", nayo yafaa kuazimwa. "Stima" ni neno letu la mazungumzo, na liwe huru huko: stima imepotea, stima imerudi. Hapa pwani lilikuwa jina la meli ya moshi kabla ya kuingia majumbani kama umeme. Katika hesabu halikufai, maana hubeba umeme, huduma na bili kwa pamoja.

"Akili unde" iendelee kuiandika. Imeundwa kwa desturi ya zamani ya lugha hii: umba hutupa kiumbe, tuma hutupa mtume, teua hutupa mteule, na unda hutupa unde, kilichoundwa. Tanzania utakutana na "akili mnemba"; itaje mara moja ili vijana waijue. "Akili bandia" ningeiacha, kwa kuwa bandia kwetu ni noti na dawa za kughushi. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, "mita mahiri", ile inayotuma usomaji wake yenyewe, yanipendeza kuliko "mita janja". Mteja ambaye tayari ana wasiwasi na bili yake hana haja ya kuambiwa kwamba mita ni janja.

Na ukisoma ukurasa wako kwa sauti darasani, tarakimu baada ya nukta zitamkwe moja moja. 5.12 ni "tano nukta moja mbili". Ukisema "tano nukta kumi na mbili", kijana atakapokutana na 5.2 ataiona ndogo kuliko 5.12, kwa sababu mbili ni ndogo kuliko kumi na mbili, na atachagua fyuzi au waya kwa hesabu hiyo.